Kijarida chetu kimezikwa bila matanga

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Najua barua ndefu mwazikata, na hii si fupi. Ukiikata, tafadhali kata kwingine, usikate kisa cha samaki. Kilishakatwa mara moja, nitafika hapo.

Mimi ni nesi mstaafu, mzaliwa wa mtaa wa Langoni hapa Amu, yaani mji wa Lamu. Nimefanya kazi Faza, Kizingitini na Witu, kisha nikarudi mjini mpaka nikastaafu. Mwezi uliopita niliketi kibarazani nachambua mchele, simu ikalia. Ulikuwa ujumbe kutoka chama chetu cha taaluma. Sitakitaja kwa jina. Wenyewe wajijua, na sikuandika ili nimwaibishe mtu. Ujumbe ulikuwa na sentensi mbili. Ya kwanza ilisema kijarida cha wanachama hakitachapishwa tena kwa sababu ya gharama. Ya pili ilitutaka tujiunge na kundi la WhatsApp. Chini pakawekwa ile picha ya mikono miwili iliyokutana, ambayo mpaka leo sijaelewa kama ni ya kuomba radhi au ya kushukuru.

Basi, yakaisha. Kitu kilichonifuata kila nilikohamishwa tangu niko msichana wa miaka ishirini na mitatu kimeagwa kwa sentensi mbili. Hapa kwetu hata mgeni asiye na jamaa akifa, watu husoma khitma wakanywa kahawa, wakaulizana marehemu alikuwa mtu wa aina gani. Mimi nataka kusema marehemu huyu alikuwa wa aina gani, kwa kuwa naona hakuna mwingine aliyesema.

Kwa sura hakikuwa kitu cha kutazamika. Kurasa kumi na mbili, fedha zikipungua nane, pini mbili katikati, na picha nyeusi ambazo hujui kama ni mwenyekiti ahutubia au ni mti. Kilikuwa cha kutoka mara nne kwa mwaka, na mara tatu kati ya hizo kilichelewa. Mbele palikuwa na hotuba ya mwenyekiti, ambayo sikuwahi kuimaliza hata moja. Zikafuata kozi, nafasi za kazi, na tangazo la viatu vyeupe vya manesi lililokaa pale pale miaka na miaka mpaka nikakinunua kiatu chenyewe, kikachanika wiki ya pili. Halafu tanzia. Na ukurasa wa pili kutoka mwisho, barua za vituoni. Huko ndiko nilikokuwa nikianzia kusoma, kisha narudi nyuma kwenye tanzia kuona nani katutoka.

Barua za vituoni ziliandikwa na watu kama mimi. Nesi wa Marsabit, tabibu wa Mwingi, mkunga wa Homa Bay. Mtu kaona jambo kazini, hana wa kumuuliza, akachukua kalamu. Nyingine zilikuwa za malalamiko ya posho tu. Nyingine ziliokoa watu.

Nilipokuwa Faza, kijarida kilisafiri kuliko mimi. Kilitoka Nairobi kwa posta, kikapanda basi la Garsen na Witu hadi Mokowe, kikavuka kwa mashua hadi gatini Amu. Hapo kikamngoja mtu mwaminifu aendaye Faza, na mashua ya Faza nayo ikangoja maji, kwa kuwa mlango wa Mkanda haupitiki kwa chombo kilichoshiba maji yakishakupwa. Miaka ile ya majambazi wa njiani, mabasi yalipokuwa yakisindikizwa na polisi na siku nyingine hayaondoki kabisa, nilikuwa nikipokea vijarida vitatu kwa mpigo, na tanzia za miezi tisa nikizililia siku moja. Nahodha aliyeniletea alikuwa akivitia ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na tambuu yake. Mpaka leo nikifungua baadhi ya matoleo ya miaka hiyo naona doa jekundu pembeni.

Nitatoa mfano mmoja wa kazi. Mwaka 1991 aliletwa kijana mvuvi wa Kizingitini, amebebwa na wenzake wawili, kelele zake zasikika kabla hawajafika uani. Kakanyaga taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, kwenye maji ya magotini. Wavuvi waujua mwiba wa taa: una meno kama msumeno, una sumu, na maumivu yake humfanya mwanamume mzima amwite mamake. Sindano za kutuliza maumivu zilikuwa zimekwisha tangu juma lililopita. Chuoni hawakunifundisha habari ya taa hata siku moja. Walimu wetu walikuwa watu wa bara na samaki walimjua kwenye sahani. Lakini nilikumbuka barua ya nesi mmoja wa pwani ya kusini. Aliandika: maji ya moto. Si ya kuchemka, bali ya moto kadiri mtu awezavyo kuvumilia, yapata digrii 45, mguu ukae humo nusu saa hadi saa moja na nusu, kwa kuwa joto huivunja nguvu ile sumu. Akaongeza sentensi moja ambayo ndiyo iliyonifanya nimwamini: yajaribu maji kwanza kwa ule mguu mwingine usioumia, maana wenye mwiba una maumivu mengi mno hata hautajua kama waungua. Aliyeandika hivyo alishawahi kumuunguza mtu, au alinusurika kumuunguza. Kitabu hakiandiki hivyo.

Tukachemsha maji kwa sufuria ya chai ya zahanati, tukayapoza kwa kikombe, tukayaongeza yalipopungua moto. Baada ya dakika kama ishirini kelele zikakatika. Yule kijana akatazama sufuria, akauliza kama kuna chai. Kisha ndipo nikaweza kulisafisha jeraha, kutazama kama kipande cha mwiba hakikubaki ndani, na kumdunga sindano ya pepopunda.

Mambo ya dawa nayapita haraka. Klorokwini ilipoachwa kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998, ikashika Fansidar, mimi nilisoma kwenye kijarida kabla barua rasmi haijanifikia. Na zilipokuja zile dawa mpya za malaria za manjano mwaka 2006, vidonge 24 vya mtu mzima kwa siku tatu, kijarida ndicho kilichotukumbusha kuwaambia watu wale kitu chenye mafuta nazo. Hapa kwa wali wa nazi halikuwa jambo gumu.

Sasa samaki.

Mwaka 2004 mvua zilitupa kisogo. Amu yanywa maji ya visima vya Shela, yale yaliyokaa chini ya vilima vya mchanga, na ukame ukizidi mifereji hutoa kwa zamu na kila nyumba hujaza kila chombo. Mapipa, madebe, mitungi, ndoo za rangi zilizooshwa. Maji yakawa yakaa ndani siku kumi, siku kumi na tano, hayabadilishwi, nani amwage maji wakati wa ukame? Mwezi wa Mei wakaanza kuja. Wa kwanza niliyemwona mimi alikuwa mama muuza mikate ya sinia, akaingia ameshika ukuta. “Sista, siyui ni nini hiki, ziungo zote zaniuma.” Homa kali, vipele, vifundo vya mikono na miguu vimevimba hata hawezi kufunga kifungo cha mtoto wake. Tukapima malaria, hakuna. Akaja wa pili na wa tatu, tukapima, hakuna. Tukawapa dawa ya malaria hata hivyo, nami siwezi kulificha hilo leo. Kufikia Julai ulikuwa huwezi kupita njia kuu usikute watu, tena vijana, wamepinda mkono kiunoni kama wazee wa miaka tisini. Punda walikuwa wakitembea vizuri kuliko wenyewe.

Baadaye wataalamu walikuja wakachukua damu, ikajulikana ni chikungunya, homa ienezwayo na mbu, na hesabu yao ilitoa kwamba yapata robo tatu ya watu wa hapa walikuwa wameambukizwa. Mwisho wa mwaka ugonjwa ulikuwa Mombasa, mwaka 2005 ukavuka Ngazija, kisha ukafika hadi Réunion na kwingineko katika Bahari ya Hindi. Haya yote yako kwenye majarida makubwa ya kitaalamu, nami siyaonei wivu.

Lakini mimi nilikuwa nimekiandikia kijarida mwezi wa Julai, jina la ugonjwa halijatufikia. Karatasi mbili za mkono. Nilieleza homa, vifundo, vipimo visivyoonyesha malaria, na mwisho nikaandika aya moja kuhusu mabirika. Nyumba ya kale ya Amu ina birika la maji chooni, la mawe na chokaa, na ndani ya birika lile bibi yangu alifuga samaki. Wadogo, kama kidole cha mtoto mchanga. Kazi yao kula viluwiluwi vya mbu. Nikiwa mtoto nilitumwa kuwahesabu kila Ijumaa, kwa kuwa paka alikuwa akijua njia. Mwari akihamia nyumba yake, jirani humpa samaki wawili watatu ndani ya kopo, kama vile apewavyo kuku. Sasa mabirika mengi yamebomolewa au yamekauka, watu wana mapipa ya plastiki, na ndani ya pipa la plastiki nani aweka samaki? Niligonga milango ya mtaani kwangu nikatazama. Nilikuta mabirika mawili tu yenye samaki. Mapipa nilichoka kuhesabu, na vijidudu vyacheza humo. Sikusema huu ni utafiti. Nilisema nimeona.

Mhariri wa kijarida, Mungu ampe afya, akaikata aya ya samaki. Nadhani aliona ni ngano za vikongwe. Nikamwandikia barua ya ukali kidogo. Toleo lililofuata akaichapa peke yake ndani ya kisanduku, juu yake kaandika “Masahihisho”, kana kwamba samaki walikuwa kosa la chapa.

Na zikaja barua. Nesi wa Mombasa aliandika kwamba nao waanza kuona watu wa kupinda, je, niliwapa nini cha maumivu? Mwingine wa Kwale, ambaye wazazi wake walikuwa Wamakonde waliokuja kulima mkonge, aliandika kwamba hilo jina tunalolitamka kwa taabu ni la kwao. Maana yake ni kukunjamana, na ndivyo wazee wao walivyouita ugonjwa huo ulipowapiga kule uwanda wa Makonde, Tanganyika, mwaka 1952. Nikakaa na kijarida mkononi nikacheka peke yangu. Madaktari wa dunia nzima walikuwa wakilitamka neno la nyanyake yule dada, na yeye wakati ule nchi hii haikuwa imempa kitambulisho. Wamakonde walikuja kutambuliwa rasmi miaka mingi baadaye, wapata vitambulisho vyao mwaka 2017.

Hii, Mhariri, ndiyo kazi ambayo kijarida kilifanya, na ndiyo ninayoulizia sasa imehamia wapi.

Kundi la WhatsApp nimejiunga. Mjukuu wangu alinisaidia. Siku ya kwanza, adhuhuri haijafika, simu ilikuwa imelia mara sitini na kitu. Habari za asubuhi zenye mawaridi. Shamba lauzwa. Pole kwa mfiwa, pole kwa mfiwa, pole kwa mfiwa, na humo katikati mtu akauliza aliyekufa ni nani, hakujibiwa. Siku ya nne mwenzetu mmoja aliweka maelezo mazuri sana ya jeraha la kisukari lililokataa kupona na namna alivyolishughulikia, mistari kama ishirini, mtu kakaa akafikiri. Kesho yake nikataka kuyanakili. Nilipandisha kwa kidole mpaka kidole kikaniuma, sikuyaona. Mjukuu ndiye aliyeyapata, chini ya video ya mtu aanguka kwenye dimbwi.

Sitaki nionekane bibi anayegombana na simu. Usiku mmoja, saa tano, mtu wa Malindi aliomba damu kwenye kundi hilo hilo na kabla ya saa saba watu watatu walikuwa wamefika. Kijarida kingemletea damu hiyo baada ya arobaini yake. Kila chombo na bahari yake. Ninachosema ni kwamba chama kimetupa ngalawa kwa sababu kimenunua pikipiki.

Tena hoja ya gharama naikubali, na hapa nina aibu yangu. Ujumbe ule uliponifikia, ada yangu ya uanachama ilikuwa haijalipwa miaka miwili. Sikukataa kulipa, nilisahau, na waliosahau kama mimi nadhani ni wengi kuliko waliolipa. Karatasi imepanda, stempu imepanda, mpiga chapa ataka chake. Lau wangetuambia mapema, “Jamani, kijarida chafa, leteni ada,” ningelipa siku hiyo hiyo. Hawakutuambia. Mgonjwa alifichwa mpaka akafa, kisha tukaletewa habari.

Lakini lililonitoa usingizini si kufungwa kwenyewe. Nilipiga simu ofisini kwao kuuliza matoleo ya zamani yamewekwa wapi, nikidhani nitaambiwa yako kabatini, njoo usome. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu. “Mama, zile za zamani hatuna. Tulipohama tulipunguza makaratasi.” Nikamwuliza mliyapunguza vipi. Akasema kulikuwa na mtu wa kununua kwa kilo.

Kwa kilo, Mhariri. Barua ya maji ya moto, neno la Kimakonde, tanzia za wenzetu waliokufa vituoni ambako hakuna aliyewaandikia popote pengine, vimepimwa kwenye mizani. Yumkini tumeshaletewa njugu ndani yake.

Mimi nimelelewa kwamba karatasi yenye maandishi haitupwi jaani. Mamangu Kiingereza hakukijua, Kiswahili alikisoma kwa herufi za Kiarabu, na kila karatasi aliyoiokota njiani aliichomeka kwenye zidaka za ukutani, hata risiti ya duka, isije ikawa ina jina la Mola. Pale Msikiti wa Riyadha mna miswada ya mkono, vitabu vya wanavyuoni wa zamani, ilikwisha pigwa picha ukurasa kwa ukurasa kwa mpango wa British Library, na sasa mtu aliye mbali aweza kuisoma. Mchwa, chumvi na mvuke wa bahari haviwezi tena kuimaliza yote. Ikiwa mji mdogo kama huu, kwa unyevu wake wote, umeweza kutunza miswada ya mkono, ofisi yenye viyoyozi ilishindwaje na vijarida vya pini mbili?

Nawaomba viongozi wa chama mambo mawili. Sikuombeni mrudishe karatasi. Mtoe ukurasa mmoja tu kila miezi mitatu, hata uwe wa kwenye simu, wa barua za vituoni peke yake, wenye tarehe na namba, na awepo mtu mmoja wa kuuhariri, hata akiwa wa kukata samaki. Na la pili, mwulizeni kila mwanachama mzee alichonacho chini ya kitanda kabla watoto wake hawajakiuza kwa kilo wao.

Mimi nimeanza na changu. Nimevitoa sandukuni, nimevianika darini kivulini, nimevipanga kwa miaka. Viko tisini na sita. Vitatu vimeliwa na mchwa, vimebaki pini na pambizo. Nimezungumza na maktaba ya Ngomeni, lile jumba lililokuwa jela hadi 1984, na wamenikubalia nivipeleke. Mjomba wangu alikuwa askari jela humo humo. Angeniuliza kwa nini nawafunga.

Toleo lenye barua ya mwiba wa taa ndilo lisilokuwemo. Niliazimisha mwenzangu Kizingitini, akahamishwa, nalo likaenda naye. Ni la mwisho wa miaka ya themanini, nakumbuka jalada lina mama na mtoto kwenye mizani, na pembeni kuna doa la tambuu. Mwenye nalo, au mwenye nakala nyingine isiyo na doa, naomba alipeleke Ngomeni aseme ni la Sista wa Langoni. Nitakuwa pale kila Jumatano asubuhi, navipanga, mpaka jua lipande.

Nesi mstaafu,
Langoni, Lamu